Chuma cha Ukinga kinasubiri mwandishi

*Wafilipino wamejenga mashujaa wao juu ya upanga na mhunzi aliyeufua. Nyanda za Juu Kusini zina mhunzi, zina chuma, zina hata kimondo. Kinachobishaniwa ni kama silaha za mababu zirudi kwenye kurasa za vitabu au ziachwe zilale.*

Jua likishazama Makambako na baridi ikaanza kushuka kutoka upande wa Njombe, mabanda ya video hujaa vijana. Nje malori ya Songea na ya Tunduma yananguruma. Ndani, kijana wa Kifilipino anachomoa upanga mrefu, mwembamba karibu na mpini na mpana kuelekea nchani. Sauti ya mtafsiri inaifunika ya mwigizaji, inatia chumvi, inambandika adui jina la mtaani. Upanga ukigonga upanga, benchi zima linashtuka.

Barabarani, fundi chuma anafunga kibanda chake. Mchana kutwa amekuwa akifua springi za malori ziwe mapanga na nyengo, juu ya kipande cha reli kinachomfaa kama fuawe. Anauza kwa wakulima, anajua bei ya mkaa, anajua springi ya gari gani inashika makali na ipi inavunjika.

Dawati la wikiendi lilitaka makala kuhusu mahali ambapo waandishi chipukizi wa mkoa wa Njombe wanaweza kupata hadithi zao, kuanzia Makambako hadi kata ya Ipelele huko juu Makete. Naianzia kati ya banda na kibanda hicho. Ni rahisi kuelewa kwa nini kijana anayeandika hadithi yake ya kwanza kwenye simu humkabidhi shujaa wake upanga wa Japani, wa Korea au wa Ufilipino. Ndio aliouona ukisifiwa. Mkuki wa babu wa babu yake hajausikia ukitajwa, na kama ameusikia, ni katika somo la historia, sentensi moja, kisha swali la mtihani.

Upanga ulioanzia kwa mhunzi

Upanga ule wa kwenye skrini huitwa kampilan. Mpini wake mara nyingi huchongwa mithili ya kinywa cha mnyama kilichoachama. Wamaranao na Wamaguindanao wa kisiwa cha Mindanao wameutumia kwa karne nyingi. Umo katika Darangen, utendi mkubwa wa Wamaranao, ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za binadamu zinazorithishwa kwa mdomo.

Tarehe 27 Aprili 1521, kwenye maji mafupi ya kisiwa cha Mactan, watu wa chifu Lapu-Lapu walimuua Ferdinand Magellan, nahodha Mreno aliyeongoza msafara wa Hispania. Antonio Pigafetta, Mtaliano aliyekuwa kwenye msafara huo, aliandika kwamba baada ya kujeruhiwa kwa mkuki wa mwanzi, nahodha alikatwa mguu wa kushoto kwa upanga mkubwa, akaanguka kifudifudi. Jina la aliyempiga hakuliandika. Wafilipino wamekuwa wakilijaza pengo hilo kwa sanamu, michezo ya kuigiza na filamu.

Kuna na bolo, ndugu wa panga letu, chombo cha kufyekea shamba. Mwaka 1896, watu wa Andres Bonifacio walipowaasi Wahispania, wengi wao walibeba bolo kwa kuwa bunduki hazikutosha. Wakenya waliopigania uhuru miaka ya 1950 hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Lakini kilichonivuta zaidi ni katuni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwandishi Carlo J. Caparas alibuni Ang Panday, ikachorwa na Steve Gan. Shujaa wake, Flavio, ni mhunzi wa kawaida. Anafua jambia kutokana na kimondo kilichoanguka kutoka angani, na anapoliinua dhidi ya uovu, jambia linarefuka na kuwa upanga. Mwaka 1980 Fernando Poe Jr. alimcheza Flavio kwenye filamu, na tangu hapo hadithi hiyo imerudiwa mara nyingi kwenye sinema na televisheni za nchi hiyo.

Mhunzi na kimondo! Ukitoka Makambako kwa barabara kuu ya Zambia, ukaipita Mbeya, utafika Mbozi mkoani Songwe. Pale Ndolezi kimelala kimondo chenye urefu wa takriban mita 3 na uzito wa zaidi ya tani 10. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Ulimwengu wa sayansi ulikifahamu mwaka 1930, ilhali wenyeji walikijua kabla. Watalii hupiga nacho picha. Caparas alilazimika kukibuni cha kwake. Sisi tunacho, kizima, kwenye ardhi ya nchi ambayo watu wake walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma.

Mlimani palikuwa na tanuri

Ipelele ni nchi ya ukungu, viazi, mashamba ya misitu na asubuhi zinazoumiza vidole. Hiyo ni Ukinga, na kabla ya viazi na mbao Ukinga ulijulikana mbali kwa chuma. Wakinga na majirani zao Wapangwa walichimba mawe yenye chuma milimani, wakachoma mkaa, wakajenga tanuri za udongo, wakapuliza mivukuto mpaka jiwe likatoa donge la chuma. Donge lilipigwa nyundo, likawa jembe. Au likawa mkuki.

Jembe la Mkinga lilishuka milima hadi Unyakyusa, likabadilishwa na chakula. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba vyuma vyao vilitoka kwa wahunzi wa Ukinga. Aliandika na jambo kubwa zaidi: katika masimulizi ya Wanyakyusa wenyewe, mababu wa machifu wao walishuka kutoka milima ya Ukinga wakiwa na moto, ng'ombe na chuma. Yaani huko bondeni, utawala wenyewe ulihesabiwa kuwa umeteremka na chuma kutoka juu.

Majembe hayo yalikuwa na kazi nyingine. Katika nyanda hizi yalitolewa kama mahari. Binti aliolewa kwa chuma kilekile ambacho, kingepigwa nyundo kwa umbo jingine, kingemuua kaka yake vitani.

> Binti aliolewa kwa chuma kilekile ambacho, kingepigwa nyundo kwa umbo jingine, kingemuua kaka yake vitani.

Upande wa magharibi, Wafipa walijenga tanuri zilizozidi kimo cha mtu, wakazitunza kama bibi harusi, zikawa na dawa zake, miiko yake na nyimbo zake. Huko Buhaya, Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 kwamba mafundi wa kando ya Ziwa Viktoria walikuwa wakitengeneza chuma cha pua tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Si elimu ya kubahatisha hiyo.

Tanuri za Ukinga na Upangwa zilizimika baada ya majembe ya viwandani kutoka Ulaya kuja kwa bei nafuu. Mafundi walibaki na nyundo, wakafua chuma cha watu wengine. Mlima wa chuma wa Liganga, wilayani Ludewa, mkoa huuhuu wa Njombe, umekuwa habari ya magazeti tangu mkataba wa mwaka 2011 kati ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Kichina. Kila mwaka tunaandika kuhusu tani na fidia, na ni sawa tuandike. Ila ni nadra kukumbushwa kwamba wazee wa nchi hii walishaijua kazi ya chuma kabla ya mkataba wowote.

Mkuki mmoja, pande mbili

Sasa tufike kwenye hadithi yenyewe, maana huu ndio moyo wa jambo.

Kijana akiniuliza mimi aanzie wapi, sitamwambia aanze na shujaa. Aanze na mhunzi. Shujaa ana upande mmoja. Mhunzi wa Ukinga hakuwa hivyo. Alikuwa na wateja. Chuma chake kilishuka kwa Wanyakyusa, kikafika kwa Wasangu, kikasambaa kwa wenye chakula cha kubadilishana. Karne ya 19 nyanda hizi zilikuwa zinawaka: Wangoni wakitokea kusini, Wahehe wakipanuka kutoka Iringa, Wasangu chini ya akina Merere, Wabena wakibanwa katikati. Fikiria mtu anayeijua kazi ya mkono wake. Ameuza mikuki kumi bonde hili na kumi bonde lile. Siku moja analetewa mkuki uliopinda aunyooshe. Anautazama mwiba wake, anaujua. Anauliza umetoka wapi. Anaambiwa umechomolewa kwenye maiti ya mkwewe.

Afanye nini? Aunyooshe, apokee mbuzi wake? Akatae, naye anayemletea amesimama mlangoni na wenzake? Katika swali hilo kuna riwaya ya kurasa 300, na hakuna hata pambano moja ndani yake bado.

Historia iliyoandikwa ina mapengo mengine ya namna hiyo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Iringa, Wahehe wa Mkwawa walilivamia jeshi la Emil von Zelewski likiwa katika mwendo. Wajerumani walikuwa na bunduki na mizinga. Wahehe wengi walikuwa na mikuki na ngao. Ishara ikatolewa, watu wakatoka vichakani, na kwa muda mfupi Zelewski na sehemu kubwa ya kikosi chake walikuwa wamekufa. Taarifa za wakati ule zinasema aliyemchoma mkuki kamanda alikuwa kijana wa miaka kama 16, na kwamba alizawadiwa ng'ombe.

Kijana wa miaka 16! Umri wa kidato cha pili au cha tatu. Tunamjua Mkwawa, tunajua alijiua mwaka 1898, tunajua fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na liko Kalenga. Huyu mtoto aliyerudi nyumbani na ng'ombe, alilalaje usiku ule? Mama yake alisema nini? Mkuki ule ulikuwa umefuliwa na nani, au aliuazima? Pigafetta aliacha pengo moja Mactan, Wafilipino wakaligeuza kuwa hazina. Sisi pengo letu tumelipanda nyasi.

Kuna na upande wa waliokimbia mikuki. Wilayani Wanging'ombe uko msitu wa Nyumbanitu wenye mapango ambamo, kwa masimulizi ya Wabena, watu walijificha nyakati za vita. Masimulizi hayo yana kuku weusi, yana miiko, yana giza la kutosha. Hadithi ya silaha inayosimuliwa na mtu aliye pangoni, anayesikia tu vishindo nje na kumziba mtoto mdomo, ni hadithi tofauti kabisa na ile ya bandani Makambako.

Waliotangulia walijua

Fasihi yetu si maskini wa silaha. Ina hazina, na inafundisha.

Mtazame Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utendi wake mwaka 1913, ingawa kisa kilikuwa kikisimuliwa pwani kwa karne nyingi. Jitu lile halidhuriki kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Silaha ndogo kuliko zote, na mkono unaoishika ni wa mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa makuu na mtawala wa Pate. Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, mshale kwenye upinde, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa kuwa wanadhani yu hai. Kinachomuumiza msomaji ni kumjua aliyeishika sindano.

Wajaluo wana Lwanda Magere, aliyekuwa na mwili wa jiwe mpaka adui alipoambiwa siri na kuchoma kivuli chake. Hapo pia siri ilitokea ndani ya nyumba.

Naye Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile ya mwaka 1969, aliandika tamthilia ya vita ambayo silaha yake kuu ni maji. Mugyabuso Mulokozi alimgeukia Mkwawa katika tamthilia ya Mukwava wa Uhehe, kisha akawapa vijana Ngome ya Mianzi. Vitabu hivyo viwili vinahusu nchi iliyo jirani kabisa na Makambako, na mwalimu yeyote wa Njombe anayetaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba mambo ya huku yanaandikika, aanze navyo.

"Tumechoka na mapanga"

Si kila mtu anakubali, na wanaokataa wana sababu nzito.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 mkoa wa Njombe ulitikiswa na mauaji ya watoto. Wazazi waliwasindikiza watoto shuleni, taifa zima likaitazama Njombe kwa hofu. Baada ya jambo kama hilo, mtu anayesema tuandike hadithi za visu na mikuki anapaswa kusikiliza kwanza kabla ya kuendelea kusema. Habari za polisi za nyanda hizi nazo, juma baada ya juma, zina ugomvi wa mashamba na wa vilabuni ulioishia kwa panga au nyengo. Kuna familia ambazo kwao silaha yenye ncha kali si urithi, ni jeraha.

Kanisa nalo lina neno. Wamisionari wa Berlin walifika Ukinga na Ubena miaka ya 1890, na imani waliyoileta imejenga shule na hospitali za huku. Muumini anaweza kumtaja nabii Isaya, aliyeona siku ambayo silaha zitafuliwa upya ziwe vyombo vya shamba. Anaweza pia kukumbusha kwamba Septemba 1905, wakati wa Majimaji, Wabena wa Mbeyela waliivamia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, wakakutana na risasi. Watu walikufa kwa kuamini silaha. Kwa nini kuifufua?

Nimeipima hoja hiyo kwa uzito wake wote, na bado nasimama upande wa kuandika. Banda la video halitafungwa. Kijana ataona upanga leo usiku, ataona kichwa kikiruka, na hataona aliyekufa akizikwa. Silaha inayong'aa bila mhunzi, bila mjane na bila deni ndiyo inayopotosha. Mwandishi wa Makete anayejua kwamba mkuki ulikuwa pia mahari, kwamba aliyeufua alikuwa na mkwe upande wa pili, hawezi kuandika kifo rahisi hata akitaka. Na Isaya asingemshangaza mhunzi wa Kikinga hata kidogo, maana yeye kazi hiyo ya kugeuza chuma aliifanya mchana na usiku, kwa pande zote mbili.

> Silaha inayong'aa bila mhunzi, bila mjane na bila deni ndiyo inayopotosha.

Mzani wa vyuma chakavu

Upo ushindani mwingine, usio na kelele, na huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi.

Makambako ni njia panda. Reli ya TAZARA inapita, barabara ya Songea inaungana na ya Zambia, na biashara ya vyuma chakavu imeshamiri kama ilivyoshamiri miji mingine. Mzani hauulizi umri. Jembe lililofuliwa kwa donge la tanuri likiwekwa juu yake na fremu ya baiskeli, vyote ni kilo. Mzee akifa, nyumba ikasafishwa, chuma chenye kutu kilichokuwa kwenye dari kina njia fupi sana kwenda tanuri la kiwanda na kurudi kikiwa nondo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Lakini sheria hailindi kitu ambacho hakuna aliyekitambua, na mjukuu anayepeleka chuma kwenye mzani hana namna ya kujua kilifuliwa lini. Makumbusho ya Kalenga, ya Boma la Iringa na ya Majimaji kule Songea yanafanya kazi nzuri, ila kwa mtoto wa Ipelele yote ni safari ya nauli na kulala njiani.

Vingine viko mbali zaidi. Jumba la Makumbusho ya Ethnolojia la Berlin lina maelfu ya vitu kutoka Tanzania, zikiwamo silaha zilizotekwa katika vita vya Majimaji. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na nchi yake. Mwaka uliofuata, maonyesho kuhusu historia ya Tanzania yaliyoandaliwa kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa yalifunguliwa Humboldt Forum, Berlin. Mazungumzo kuhusu vitu kurudishwa yanaendelea, na wataalamu wa pande zote mbili wanafuatilia kumbukumbu za kila kimoja: nani alikichukua, wapi, vita gani.

Katika kumbukumbu za namna hiyo, duniani kote, jina la afisa aliyekusanya huandikwa. Huandikwa mwaka na eneo. Jina la mhunzi ni nadra kuwamo, kwa kuwa aliyechukua hakuuliza. Hilo makumbusho hayawezi kulirekebisha kwa utafiti wa karatasi. Linaweza kujaribiwa Makete na Ludewa, kwenye koo ambazo bado zinakumbuka babu yupi alikuwa na mivukuto na tanuri lilisimama mlima gani. Mwanafunzi mwenye simu ya kurekodi, lugha ya Kikinga na subira ya kukaa jikoni jioni nzima anaweza kuifanya kazi hiyo likizo ya Desemba. Akiipata riwaya ndani yake, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kutolewa tangu mwaka 2023, inapokea miswada ya Kiswahili, na haibagui ya Dar es Salaam na ya Ipelele.